Marehemu Agoma Kupanda Gari

Anaeli akisikia kuna msiba wa Mchaga, kitu cha kwanza anachotafuta ni sarafu. Noti haimfai, noti haina mlio. Hutia sarafu mfukoni, hujifunga kanga kiunoni, huingia msibani akilia kwa sauti ya kuwashinda wafiwa wenyewe, hupenya mpaka ubavuni mwa jeneza, kisha huidondosha ile sarafu sakafuni na kutega sikio. Akiona pesa imelia na marehemu hakuamka, huwageukia wafiwa kwa masikitiko makubwa.

"Poleni sana jamani. Sasa nimeamini. Mangi amefariki kweli."

Hapo hata mjane hucheka, na kicheko kikishapita ndipo kilio cha kweli kinapopata nafasi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Anaeli ni mama wa Kipare kutoka Mbaga, na Wapare na Wachaga walishakubaliana tangu enzi za mababu kwamba kati yao hakuna tusi. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake, kumsema alivyokuwa bahili au mlevi, hata kuuzuia mwili usiondoke mpaka apewe anachodai. Anayemkasirikia mtani ndiye anayetozwa mbuzi. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na sijapata kumwona aliyethubutu kuivunja.

Siku zisizo na msiba Anaeli ni fundi cherehani. Anakaa na mashine yake kwenye baraza la nyumba kuukuu ya ghorofa moja Mchafukoge, mwendo mfupi tu kutoka sokoni Kariakoo, nyumba ambayo madirisha yake ya juu yaligoma kufunguka na hakuna aliyeona sababu ya kuyabembeleza. Chini palikuwa na duka la vitambaa vya suti la Theophil, Mchaga wa Kibosho, ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi, yaani chifu, kama Wachaga wote wanavyoitwa mjini. Mlangoni alisimamisha sanamu za plastiki zilizovaa suti, zote hazina vichwa. Usiku sanamu ziliingizwa stoo ya nyuma, na wapangaji wa ghorofani walipita pale kwenda msalani bila kugeuza shingo.

Theophil alikuwa mtu wa maneno machache. Kabla ya kusema lolote alikohoa mara mbili na kuvuta mkono wa kushoto wa koti lake la kahawia, na mteja aliyemzoea alijua kwamba sasa inakuja bei. Anaeli alikishika kile kikohozi mapema sana. Alikuwa akikohoa barazani, na Theophil ndani anaitika, "Naam?" akidhani amejiita mwenyewe. Mtaa ulicheka na yeye alicheka, maana ndio utani.

Asiyecheka sana alikuwa Josepha.

Josepha alikuwa dada yake Theophil. Alimtangulia kuzaliwa, na kwa maoni yake alimtangulia katika kila kitu. Walitoka Kibosho pamoja, kaka na sanduku lake la nguo, dada na sufuria zake. Yeye ndiye aliyempikia, aliyeuza naye, aliyekosa kuolewa kwa sababu wachumba walikuja saa ambazo duka lina wateja. Na funguo za duka alizifunga yeye, kiunoni, kwa utepe wa bluu. Miaka yote ile mlango haukuwahi kufunguliwa na mkono mwingine.

Kisha Theophil, kipara kimeshapata nafasi yake kichwani, akamleta Nice. Nice alikuwa msichana wa Machame aliyekuwa akiuza mikoba duka la jirani, mcheshi, anayejua majina ya watoto wa wateja. Kesho yake baada ya harusi Theophil alikohoa mara mbili, akavuta mkono wa koti, akamnyooshea dada yake kiganja.

"Dada, lete funguo. Sasa wewe pumzika."

Maskini yule mwanamume aliamini anatenda wema. Josepha alifungua utepe, akatoa funguo, zikahamia kwa Nice, naye akatabasamu. Tabasamu lile lilibaki usoni pake wiki nzima. Anaeli alikuwa pale pale akitia uzi kwenye sindano, akaliona, akasikia baridi mgongoni, na mwezi wenyewe ulikuwa Februari, mwezi ambao Dar es Salaam hakuna baridi hata ya kuazima.

Ukitaka kuniambia wivu ni wa mke na mume peke yao, kamuulize Josepha.

Mambo yalitulia kwa muda. Josepha alimwita Nice "wifi yangu" kwa sauti tamu, alimfundisha kupika mtori wa ndizi jinsi Theophil alivyoupenda, na chumvi akaizidisha kidogo. Dukani kulikuwa na kitambaa kimoja cha kijani kibichi chenye mistari myembamba ya rangi ya damu ya mzee, kipande cha mwisho, na Theophil alikiweka pembeni. "Hiki hakiuzwi. Cha mke wangu." Nice akamshonesha Anaeli gauni, kikabaki kipande kizuri tu, akakirudisha kabatini.

Siku moja mchana Josepha alikuja barazani na kile kipande chini ya kwapa.

"Fundi, nishonee shati la kiume. La mpwa wangu wa Arusha. Nice ameridhia."

"Vipimo?"

"Mabega mapana. Kama haya," akapima hewa kwa mikono.

"Huyo mpwa au kabati?" Anaeli akauliza, akashona. Hakuwaza zaidi. Josepha alimletea chai ya tangawizi na sambusa mbili, na fundi mwenye sambusa mkononi hana maswali.

Baada ya hapo Theophil alinyamaza. Sisemi alinuna, maana mtu aliyenuna huonekana. Yeye alinyamaza tu, tena kwa mkewe peke yake. Wateja aliongea nao, Anaeli alitaniana naye kidogo, lakini Nice akimsemesha, macho yake yaliangalia ukuta. Akahamisha godoro lake akaenda kulala stoo, katikati ya sanamu zisizo na vichwa. Nice alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa hasira, akamuuliza kwa kupiga magoti. Hakupata hata kikohozi.

"Mwache, wifi," Josepha alimwambia. "Wanaume wa kwetu ndivyo walivyo. Ukimsumbua ndiyo unaharibu."

Kila jioni Josepha aliingia stoo na kikombe cha chai, akatoka baada ya muda mrefu. Aliyokuwa akisema mle ndani hatuyajui. Matokeo yake tuliyaona. Nice alifungasha nguo zake, akaziacha funguo juu ya meza ya duka, akavuka Magogoni kwenda kwa shangazi yake Kigamboni kumsubiri mumewe amwite. Jua lilipozama, utepe wa bluu ulikuwa umerudi kiunoni mwa mwenyewe.

Theophil hakumwita mtu. Alikonda, presha ikapanda, na asubuhi moja akakutwa amekufa kwenye kiti cha stoo, koti la kahawia mwilini. Alikaa wima, kichwa kimezama ndani ya ukosi wa koti, kiasi kwamba Josepha alipita mbele yake mara mbili akitafuta ufagio, akidhani ni mojawapo ya sanamu.

Msiba ukawekwa mbele ya duka, turubai likafunga mtaa, na Mzee Kasmir akawa mwenyekiti wa kamati. Mzee Kasmir alikuwa mfanyabiashara wa misumari na mwenyekiti wa kila msiba wa Wachaga Kariakoo, mtu wa haki ila wa haraka. Mwili ungepelekwa Kibosho. Nice alipofika kutoka Kigamboni, Josepha alimpokea mlangoni, akamkumbatia mbele za watu, halafu akampeleka kwenye kiti cha plastiki huko nyuma na majirani. Kwenye godoro la wafiwa alikaa mwenyewe. Kwenye kikao akaiambia kamati kwamba huyu mwanamke aliondoka kwa miguu yake, tena kwa sababu ambazo yeye kama dada anaona aibu kuzitaja, kwa hiyo kwenye safari asiwemo.

Kwa mtu wa kwao, hukumu hiyo ni nzito kuliko talaka. Mke asiyetupa udongo kwenye kaburi la mumewe ukoo humhesabu kama mpita njia. Asubuhi ya kuondoka, Anaeli alimpelekea uji. Nice alikishika kikombe bila kunywa.

"Duka wachukue, mama," alisema. "Nyumba wachukue. Mimi nataka kumzika tu. Na nijue nilimkosea nini."

Anaeli alikuwa na mzaha tayari mdomoni, wa kumchangamsha, lakini aliumeza. Alimpenda yule binti na hakuwa na jibu la kumpa.

Jibu liliingia kwa miguu yake likiwa limevaa shati. Lilikuwa shati la kijani kibichi, mistari ya damu ya mzee, na ndani yake mlikuwa na Zakayo, fundi friji kutoka Masasi anayeishi Kigamboni, mwanamume mwenye mke, watoto na mabega ya kabati. Anaeli aliitambua kazi yake kabla hajautambua uso. Alimvuta pembeni nyuma ya sufuria za pilau.

"Zakayo, shati hilo umelitoa wapi?"

"Zawadi, mama. Alinipa mke wa marehemu, nilivyowatengenezea friji. Leo nimelivaa kwa heshima."

"Alikupa Nice kwa mkono wake?"

"Aliniletea huyu dada mtu, mama Josepha. Akasema Nice ndiye katuma ila anaona haya, nisije nikamshukuru mbele za watu. Basi mimi nikaona, asante haiozi, nitampa mumewe. Nilimkuta Magogoni anasubiri pantoni, nikamwambia, Mangi, mwambie mama asante kwa shati."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Aliangalia shati, akaangalia maji. Pantoni ikaja, watu wakapanda, yeye akabaki palepale."

Anaeli alikasirika. Alikasirika kwa ajili ya Nice, alikasirika kwa ajili ya yule mjinga aliyekufa kwa kushindwa kuuliza swali moja, na zaidi ya yote alikasirika kwamba sindano yake mwenyewe ndiyo iliyotumika, kwa bei ya sambusa mbili. Alitaka kukimbilia kwa Mzee Kasmir. Halafu akafikiri. Angesema nini? Mpare analeta kesi msibani. Wangecheka wakasema Wapare hata kuku akikatiza uani wanafungua jalada. Josepha angelia, na Josepha alijua kulia. Jeneza lilikuwa tayari linaingizwa garini.

Basi akaenda stoo. Koti la kahawia lilikuwa limevalishwa sanamu ya pembeni, na kofia ya pama ya marehemu imewekwa pale ambapo kichwa kingekuwepo. "Samahani, ndugu, utapata lingine," Anaeli aliiambia sanamu, akaivua.

Gari la mwili lilikuwa linanguruma. Josepha, kanga mpya, funguo zinalia kiunoni, alitembea taratibu kuelekea kiti cha mbele, kiti cha mfiwa mkuu. Akaweka mguu kwenye ngazi, akainua kichwa. Kiti kilikuwa na mtu. Kofia ya pama, koti la kahawia. Mtu yule akakohoa mara mbili, akavuta mkono wa kushoto wa koti.

Mguu wa Josepha uliishia kwenye ngazi hapo hapo.

"Dereva, zima gari," akasema Theophil.

Dereva, ambaye hakuwa mtu wa mtaa ule, alizima bila kuuliza. Turubai zima likaripuka kwa kicheko. Watani wamefika. Mzee Kasmir akasogea akijifuta jasho, naye akaingia mchezoni kama desturi inavyotaka.

"Mangi, kuna nini tena? Kibosho wanasubiri."

"Kasmir, jeneza hili umenunua bei gani?"

"Ya chini, Mangi. Tulijua utauliza."

"Hapo umefanya vizuri." Kikohozi. "Lakini siondoki. Mke wangu yuko wapi?"

Kicheko kikapungua kidogo. Huko nyuma, Nice alisimama na kikombe chake cha uji.

"Mke wako si alikuacha, Mangi," Josepha alisema, akijitahidi kuichekesha sauti yake. "Twende, kaka. Usichelewe kwenu."

"Hilo ndilo nililoambiwa stoo, kila jioni, na chai." Koti likageuka kuelekea umati. "Namwona kijana wangu wa friji. Zakayo, njoo. Shati linakutosha?"

"Linatosha, Mangi," Zakayo akajibu akicheka, maana alijua utani na hakujua kingine chochote.

"Alikuletea nani?"

"Dada yako huyu, mama Josepha."

"Na mke wangu alikuambia nini siku hiyo?"

"Sikumwona kabisa. Mpaka leo sijawahi hata kumpa asante."

Sasa hakuna aliyecheka. Anaeli akavua kofia, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Na mimi ndiye niliyelishona. Niliambiwa la mpwa wa Arusha." Akaivaa tena.

Josepha aliangalia huku na huku. Kukasirika hakuweza; angekasirika, angetozwa mbuzi na angekuwa amekiri. Kucheka hakuweza. Akamtazama Mzee Kasmir.

"Mtani ana haki yake, Josepha," Mzee Kasmir alisema polepole. "Mjibu kaka yako."

Na hapa ndipo Anaeli, kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasimulia baadaye, aliogopa. Alitegemea Josepha angekana, na alikuwa na mizaha mitatu tayari ya kumbana. Lakini Josepha hakumwangalia Anaeli. Aliliangalia koti. Akaushika mkono wa kushoto wa koti lile kwa vidole viwili, pale ambapo Theophil alizoea kuvuta, mpaka kitambaa kilikuwa kimechakaa.

"Ulininyang'anya funguo mbele ya fundi, Theo," alisema. "Ulinyoosha mkono tu, kama mtu anayemdai mpangaji. Fundi ananiangalia. Nilitaka na mkeo akose kidogo, basi. Sikujua utanyamaza mpaka ufe."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti ndogo na kila mtu aliyasikia.

Nice alikuwa ameshafika mbele. Watu walimpisha. Hakumpiga wifi yake, ingawa palikuwa na kina mama walioanza kujifunga kanga vizuri kwa matumaini. Naye aliongea na koti.

"Ungeniuliza," alisema. "Swali moja tu, Theo. Ningekujibu."

Anaeli alikaa kwenye kiti cha marehemu, ndani ya jasho la marehemu, akaona aibu kwa niaba yake. Alichobakiwa nacho kilikuwa desturi, akaishikilia. Mtani hashuki bure. Akakohoa mara mbili na kunyoosha kiganja kumwelekea Josepha.

"Funguo."

Josepha akafungua utepe wa bluu. Zamu hii hakutabasamu. Funguo zikatoka mkono wa dada, zikapita mkono wa koti, zikafika mkono wa mke, na Mzee Kasmir akatangaza kwamba marehemu ameridhika, mjane apande mbele, wengine wote kwenye basi, na tuondoke kabla hajabadili mawazo. Watu walicheka kwa shukrani.

Kwenye basi viti vilijaa haraka, na kila aliyemwona Josepha anakuja aliweka mkoba kwenye kiti cha pembeni yake. Kilichobaki kilikuwa kimoja, dirishani, karibu na Anaeli, na Anaeli alikuwa bado ndani ya koti.

Sitamsafisha Anaeli. Alikuwa na hasira bado na safari ni ndefu. Walipofika Chalinze, Josepha akafumba macho, na mara kikohozi kikasikika, mara mbili. Josepha aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye kioo. Basi zima likafinya vicheko kwenye kanga. Korogwe akasinzia tena, kikohozi. Akaruka tena. Nyuma mtu akasema, "Mangi hajalala," na watu wakalia kwa kucheka. Anaeli alikuwa anafaidi. Alipanga kukohoa Mombo akasahau, akaahidi kulipa deni hilo watakapofika kwao Upare, ambako hata milima ingemuunga mkono.

Walikaribia Same jua likiwa limeelemea upande mmoja. Anaeli akageuka kumwangalia. Josepha alikuwa amefumba macho, lakini hakulala. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kidogo upande wa koti. Mkono wake ulikuwa kiunoni, mahali pa funguo, na haukuwa na kitu.

"Fundi," alisema bila kufumbua macho. "Kohoa tena."

Anaeli alifungua mdomo. Alikuwa nacho kile kikohozi, kiko palepale kooni, hakijawahi kumkataa. Akaufunga mdomo. Alivua koti, akalikunja vizuri kama kazi ya mteja, akaliweka juu ya mapaja ya Josepha.

"Nimechoka, dada," akasema. "Huyo ndiye kaka yako. Muulize mwenyewe."

Josepha alilipakata lile koti kwa mikono miwili na kutega sikio. Alisubiri Same, akasubiri Mwanga, mpaka taa za Moshi zikaonekana, na koti halikukohoa.